Mufundishaji wa Mimba za Boga

Katika makarani wa personeli, yaani wa mambo ya watumishi, waliofanya kazi Fizi miaka ile ya vita, simjui hata mmoja ambaye Mufundishaji hakumbebesha mimba. Karani wa kilimo aliibeba, karani wa afya kutoka Nundu aliibeba, na yule wa Lulimba, mwanamume mwenye shingo ya fahali, aliibeba kuliko wote kwa sababu kila ilipoporomoka alitakiwa aanze upya. Mimba yenyewe ilikuwa boga. Lilifungwa tumboni kwa kikwembe, na aliyelibeba alikaa nalo tangu asubuhi mpaka somo liishe: aandike nalo, aokote kalamu nalo, aende chooni nalo, kisha asimame mbele ya wenzake aombe kazi.

“We unaomba kazi na tumbo hivi?” wenzake walimuuliza, maana ndivyo walivyozoea kuwauliza wanawake.

Mufundishaji alimnong’oneza mwombaji la kujibu.

“Tumbo ni yangu, kazi ni ya serikali,” akasema karani wa Lulimba kwa sauti ya msiba, na boga likaporomoka.

Kazi ya Mufundishaji ilikuwa kuwafunza wale wanaoandika watu kazi za serikali wasiwapunje wanawake. Alikuwa na masomo manne. La kwanza, Kuita: kazi ikipatikana itangazwe hata sokoni na kisimani, si kwenye meza ya bia peke yake. La pili, Kuuliza: usimuulize mwanamke jambo ambalo humuulizi mwanamume. La tatu, Kuandika: anayefanya kazi ndiye aandikwe, kwa jina lake mwenyewe. La nne nitalisema mahali pake, kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyelisikia. Alitumwa mjini Baraka, kando ya ziwa, kwa juma moja. Alishuka kwenye mtumbwi wa injini akiwa na ubao mweusi kichwani, akafundisha la kwanza, akafundisha la pili, na alipofungua mdomo kwa la tatu, vita vikaingia mjini.

Mwingine angerudi alikotoka. Yeye alisema alitumwa na masomo manne, hawezi kwenda kutoa ripoti ya mawili.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kengele. Baba yangu alikuwa planton, yaani tarishi, wa ofisi ya serikali pale Baraka. Alifagia, alibeba karatasi kutoka chumba hiki kwenda kile, na asubuhi alipiga kwa nondo rimu ya gari iliyoning’inia barazani ili watumishi wajipange waitwe majina. Kwa kazi hiyo alipewa chumba nyuma ya ofisi, ambamo sisi wote tulikulia. Mama alitangulia kufa. Baba alimfuata kabla Mufundishaji hajafika, tulipokuwa tumekimbilia Lulimba katika vita vya mwanzo. Tukamzika huko, na mimi, kifungua mimba, nikarudi Baraka na wadogo zangu watatu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Chumba kilikuwa cha planton, na planton hakuwepo tena.

Pale ofisini ilikuwa desturi: mtumishi akifa, kazi yake humwendea mwanawe wa kiume. Baba alizaa wasichana watupu. Shefu wa Personeli, mzee mnene mwenye huruma na aliyeogopa karibu kila kitu, alikuna kichwa siku nzima, kisha akaamua kwamba baba yangu asife.

“Cheti ya kifo iko Lulimba,” aliniambia, “na barabara ya Lulimba imefungwa. Basi kwa serikali papa yako angali muzima. We utapiga kengele. Nikiita jina yake, utaitika.”

Nikavaa kofia ya baba. Kila asubuhi nilipiga rimu, nikakimbilia kwenye mstari, Shefu akaita jina la marehemu, nami nikajibu, “Prezan, Shefu.” Wote walijua na hakuna aliyecheka isipokuwa wageni. Lakini kila mkubwa mpya alipoingia mjini na watu wake, niliwatazama wadogo zangu wakila bugali na ndagaa, nikawaza: huenda huyu ndiye atakayesema kwamba mtu wenu amekufa, tokeni.

Siku ya kwanza Mufundishaji alipofundisha Kuuliza, nilikuwa nimesimama nyuma nikingoja kufuta ubao. Akamgeukia Shefu, akaonyesha ofisi nzima kwa mkono.

“Mu biro yenu iko bamama ngapi?”

“Bado hatujapata mwenye kufaa,” Shefu akasema.

“Na huyu?”

Shefu alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anione.

“Huyu ni papa yake,” akajibu.

Mufundishaji alifikiri. Alikuwa na ndevu ndefu ambazo alizishika alipofikiri, na zikawa nyeupe za chaki upande mmoja, hivyo mpaka leo ukiniambia nimchore ningemchora na ndevu za rangi mbili. “Sawa,” akasema. “Mambo ya huyu tutayakuta mu somo ya tatu.”

Hapo ndipo nilipoanza kulingoja somo la tatu kama wengine wanavyongoja mvua.

Tatizo ni kwamba vita navyo vililingoja. Kila mara mji ulipoingia mikononi mwa wenyewe wapya, mkubwa mpya alikuja na makarani wake wawili watatu ambao hawakuwahi kusikia somo hata moja, na Mufundishaji, ambaye kwake kumwacha mwanafunzi nyuma ni dhambi, alianza tena kwenye Kuita. Walifika Kuuliza. Siku ya Kuandika, risasi zinalia upande wa Fizi au upande wa ziwa, na kila mtu anakamata mtoto na sufuria. Ilitokea hivyo mara nyingi mno mpaka watu wakaacha kudhani ni bahati. Wamama wa soko walikuwa hawanunui samaki wa kukausha kabla ya kumuuliza.

“Papa Mufundishaji, jambo. Leo iko somo ya ngapi?”

“Ya pili, mama.”

“Aksanti. Basi nitaloweka muhogo.”

Akijibu ya tatu, vikapu vilifungwa. Kamanda mmoja aliyekaa mjini kipindi fulani alimwita, akamkalisha, akampa soda, akamwambia kwa adabu kwamba masomo yake ni mazuri ila la tatu limekatazwa mpaka itakapotangazwa tena.

“Kukatazwa na nani, Komanda?”

“Na mimi. Baaskari yangu banaogopa.”

Watu walimwona mpole, na alikuwa mpole, lakini ulikuwa upole wa jiwe la kusagia: halikugombezi, na halisogei. Alikuwa na msemo mmoja alioupaka popote: “Kazi haina ndevu.” Aliusema kazini, aliusema msibani, alimwambia hata padri, ambaye alitabasamu na kubadili mazungumzo. Wavuvi waliokuwa wakivuta wavu ufukoni walimtania, “Papa, na samaki je?” Akawajibu kwa uzito kabisa kwamba kambale anazo, na kwamba haikuhusu.

Nyumbani kwake ndiko nilikomwelewa kidogo na kumshangaa zaidi. Mke wake alimfuata baada ya muda mrefu, akashuka Baraka na mzigo wake, akamkuta amekaa barazani kwetu akichonga chaki.

“Juma yako moja ni murefu sana,” alimwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Akaanza kuuza ndagaa waliokaushwa, na tangu hapo ndiye aliyewalisha wote wawili, kwa sababu waliomtuma Mufundishaji walikuwa upande mwingine wa vita na walikuwa wamemsahau. Sasa huyu mtu aliyewabebesha wanaume maboga, aliyekataa mwanamke asimbebee ubao hata siku ya mvua, hakujua sufuria hufunikwa na nini. Alimaliza kula, akaacha sahani chini palepale, akaendelea kueleza jinsi waajiri wanavyosahau kazi za nyumbani za mwanamke. Mama Mufundishaji alimsikiliza akiitazama sahani.

“Bamama ya Fizi yote unabahurumia,” akasema siku moja mbele yangu. “Sahani hii nani ataihurumia?”

Alishika ndevu. Alikiri kwamba hoja ni nzuri. Akapendekeza nafasi ya kuosha sahani itangazwe, na waombaji waulizwe maswali sawasawa. Mama alikubali bila kucheka. Alikaa kwenye kigoda, akamsimamisha mumewe mbele yake.

“Uko na uzoefu?”

“Hapana.”

“Unajua maji inatoka wapi?”

“Kisimani.”

“Kisima iko wapi?”

Mufundishaji akanyoosha kidole upande wa ziwa. Kisima kilikuwa nyuma ya kanisa. Mama akaniambia, “Si unaona? Mwombaji huyu hafai, lakini ni yeye peke yake.” Akamwandika. Aliziosha kuanzia siku hiyo, vibaya sana, akizungumza nazo, na mara kwa mara nilikuta samaki mzima amekauka nyuma ya sahani. Mama alisema heri hivyo kuliko somo.

Habari ya bariera, kile kizuizi cha askari barabarani, watu wengi hudai kuwa waliiona, lakini niliyekuwepo ni mimi. Ilikuwa siku ya Kuandika, makarani wote wakiwa na mimba, na Mufundishaji alikuwa ameandika neno “Jina” ubaoni. Risasi zikaanza. Tukakimbia barabara ya Nundu: mimi na wadogo zangu na rimu ya kengele mgongoni, kwa sababu niliiogopea kuliko nguo, mbele yangu Mufundishaji na ubao, mbele yake wanaume wazima, matumbo mbele, mikono chini ya matumbo. Hakuna aliyekumbuka kufungua kikwembe. Siku nyingi za kufundishwa kwamba boga halianguki zilikuwa zimewaingia. Karani wa Lulimba, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuliangusha.

Tukafika kwenye bariera. Askari walitazama msafara ule kwa muda. Hawakuwa wale wa mjini. Walikuwa wa upande mwingine, na sisi hatukujua ni upi.

“Ninyi ni banani?” mmoja akauliza.

“Siye ni bantu ba personeli,” Shefu akasema, akihema.

“Na matumbo hii?”

 Mufundishaji akasogea na ubao wake. “Bako na mimba,” akasema.

Askari akafikiri. “Mimba ya nani?”

“Ya serikali.”

“Serikali gani?”

 Kwa swali hilo watu walikuwa wamekufa kwenye bariera kama ile, na nilimvuta mdogo wangu wa mwisho nyuma ya rimu. Shefu, aliyeogopa kuku wa jirani, ndiye aliyefungua mdomo.

“Ile yenyewe iko leo,” akasema.

Askari akamtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea gogo la bariera, na wenzake wakacheka kwa sababu yeye anacheka. “Basi bazalie hapa,” akasema. Makarani wakafungua vikwembe mmoja baada ya mwingine, maboga yakapangwa chini, na sisi tukapita. Tulipogeuka, moto ulikuwa umeshawashwa. Karani wa Lulimba alitembea hadi Nundu akiwa na huzuni. Alisema tumbo lake sasa linasikia baridi.

Tuliporudi Baraka tulikuta ofisi haina mabati. Walioondoka waliondoka nayo. Chumba chetu cha nyuma kilibakiwa na mabati yake kwa sababu yalikuwa na matundu, na hivyo ghafla kikawa chumba kizuri kuliko vyote vya serikali pale mjini. Hilo ndilo lililotuponza. Mkubwa mpya alikuja na mpwa wake, kijana mrefu mwenye miwani ya jua, na mpwa akahitaji pa kulala na kazi ya kumhalalisha.

“Planton huyu,” Mkubwa alimwambia Shefu baada ya mwito wa asubuhi, “namusikia kila siku anaitika. Sijamuona. Iko wapi?”

“Iko... kazini, Mukubwa.”

“Kesho nataka kumuona uso.”

Shefu alikuja chumbani kwetu akakaa kwenye ndoo. Akisema baba yuko hai, Mkubwa atataka uso. Akisema amekufa, nafasi iko wazi, na mpwa ameshaanza kupima kitanda chetu kwa hatua. “Mwanangu,” akaniambia, “mi nimemuweka papa yako muzima mpaka nguvu imeisha.” Nilimwambia nimemwelewa. Nilianza kufunga vyombo, ila kengele sikuishusha.

Mufundishaji alipopata habari alikwenda kwa Mkubwa moja kwa moja, na mimi nikaenda nyuma yake kwa sababu lilikuwa jambo langu.

“Mukubwa,” akasema, “planton wenu wa zamani hajaagwa. Sheria ya kazi, muntu anaagwa kwanza. Halafu tunaita, tunauliza, tunaandika. Mpwa wako aombe kama wengine.”

“Munaaga aje?”

“Kuko hotuba. Kuko zawadi. Kuko kasiksi.”

Mkubwa alipenda kasiksi, ile pombe ya ndizi, na hakuona mtu mwingine wa kuomba isipokuwa msichana mwenye kofia kubwa. Akakubali. Kamanda wake alikuwa pale. “Lakini si ile somo ya tatu?” akauliza.

“Leo tunaanza na ya ine,” akasema Mufundishaji.

Ndipo watu wakajua somo la nne ni nini. Lilikuwa Kuaga: namna ya kumwacha mtu aondoke kazini kwa heshima, awe anazaa, awe anazeeka. Lilifika kabla ya la tatu, na hivyo, walisema makarani, vita havikulitambua.

Kwa kuwa ofisi haikuwa na paa, Shefu aliazima lubunga ya ukoo mmoja wa jirani. Lubunga ni ile nyumba ya kuta fupi ambamo wanaume wa Kibembe hukaa kuzungumza mambo yao, na mwanamke haingii. Chakula chenyewe hupitishiwa juu ya ukuta. Katika wale makarani wote waliofundishwa miaka yote ile mambo ya wanawake, hakuna hata mmoja aliyeona kasoro. Mimi na wadogo zangu tulisimama nje, videvu juu ya ukuta, tukamtazama baba yetu akiagwa.

Kofia yake iliwekwa juu ya kiti. Shefu alihutubia. Alisema marehemu, yaani mstaafu, alikuwa mtu wa kazi, ingawa Jumatatu alichelewa, na kwamba miaka hii ya mwisho alikuwa hachelewi tena. Karani wa afya alisema aliwahi kumwazima baiskeli. Mufundishaji, ambaye hakumwona baba yangu hata siku moja, alilia mpaka chaki ikamchuruzika kwenye ndevu.

“Na yeye muzee iko wapi?” Mkubwa akauliza, kikombe mkononi.

Shefu alitazama sakafu. Mufundishaji akajibu, “Amekufa, Mukubwa. Ni zamani.”

“Munaaga mufu?”

“Hatukupata nafasi. Barabara ilikuwa imefungwa.”

Mkubwa aliweka kikombe chini. Sijui yeye alimwacha nani nyuma ya barabara gani. Alivua kofia yake, akaiweka magotini. “Endeleeni,” akasema.

Zawadi ilikuwa fimbo ya kutembelea, iliyochongwa vizuri. Shefu aliinyoosha kuelekea kiti, akagundua kwamba hakuna wa kuipokea, akabaki ameinyoosha. “Mwenye kuagwa anajibu nini?” akauliza kwa kunong’ona. Hakuna aliyejua. Mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

“Prezan, Shefu,” nikasema juu ya ukuta.

Wakanipitishia fimbo.

Kisha ikaja Kuita, na karani wa Lulimba alitumwa sokoni kutangaza nafasi kwa sauti. Tukabaki waombaji wawili tu, mimi na mpwa. Mufundishaji akasema, “Bingie.” Mpwa akaingia. Mimi sikuingia.

“We mama, ingia.”

“Papa, hapa mwanamuke haingii,” akasema mwenye lubunga, si kwa ubaya.

Mufundishaji alizitazama zile kuta kana kwamba zimeota wakati huo. Alishika ndevu. “Basi mwombaji haingii,” akasema. “Kijana, toka.” Mpwa akatoka, akasimama juani kando yangu, akiwa amekasirika na miwani yake.

Makarani walijipanga na maboga yao tumboni. Lakini mazoea yana mizizi. Swali la kwanza lililotoka lilikuwa lile lile la siku zote, na lilinijia mimi: nani atabaki na watoto nikiwa kazini? Mufundishaji akafumba macho. Miaka yote ya Kuuliza ilikuwa imeishia hapo. Kisha akasema polepole, “Vizuri. Na kijana naye aulizwe hiyo hiyo.”

“Mi sina mutoto,” akasema mpwa.

“Ukimupata?”

“Atabaki na mama yangu.”

“Mama yako iko wapi?”

“Kalemie.”

“Kazi yako itamufuata mutoto Kalemie?”

Mpwa hakuwahi kuulizwa jambo kama hilo. Makarani waliona inafurahisha. Wakaendelea.

“Na ukioa, utaacha kazi?”

Hilo ni swali ambalo msichana yeyote wa kwetu anajua kulijibu kwa uongo tangu utotoni. Mpwa hakujua. Alijibu kwa ukweli mtupu. “Nitaacha,” akasema. “Shemeji yangu iko na shimo ya zahabu Lulimba. Hii ya kengele ni ya kulala tu, mpaka barabara ifunguke.”

Mkubwa alifunika uso kwa kofia. Nilipoulizwa mimi, nilisema watoto ninao tayari watatu, ndio hao kwenye ukuta, na kengele inalia kila siku. Kuhusu kuolewa nilisema anayenitaka atanikuta barazani.

Mkubwa alitoka amelewa kidogo na ameshindwa wazi, na lililobaki nilikuwa nimelingoja tangu siku ya ubao. “Sasa tunaandika,” akasema Mufundishaji. Kamanda akasimama. Kule sokoni wamama wakafunga vikapu. Mtu alikuwa amewapelekea habari. Shefu alishika kalamu. Kimya kikawa kikubwa hata ukasikia mawimbi. Shefu akaandika jina langu, herufi kwa herufi, na alipomaliza, kifuniko cha sufuria kikaanguka mahali fulani, na nusu ya serikali ikalala kifudifudi juu ya maboga yake.

Haikuwa kitu. Ilikuwa kifuniko.

Kesho yake asubuhi nilipiga rimu, nikakimbilia kwenye mstari. Shefu akaita jina. Hakuna aliyejibu. Akaita tena. Nilikuwa nikingoja jina la baba. Karani wa afya akanigusa kiwiko. “Yaya,” akasema, kama kwetu anavyoitwa dada, “ni weye.”

Miaka imepita, na wadogo zangu wote wana nyumba zao. Shefu aliagwa vizuri, kwa kasiksi, na Mufundishaji na mke wake walihamia Nundu, ambako mke alikuwa na shamba. Ofisi ina mabati. Karani wa sasa huchelewa, kwa hiyo mwito wa asubuhi nausoma mimi. Siku moja pikipiki ilisimama mbele ya baraza, akashuka mzee mwenye ndevu nyeupe pande zote mbili, akiwa amekumbatia boga.

“Mama ametuma hii,” akasema. “Ni ya kula. Na mi nimekuya kumaliza somo ya ine. Bako wapi bale makarani?”

Nilimwambia: karani wa Lulimba alivuka ziwa, karani wa afya amelala makaburini, wengine wana wajukuu. Vijana waliokuwa barazani walimtazama na boga lake kwa adabu. Alikaa.

“Papa,” nikamuuliza, “we mwenyewe, ulishaagwa?”

“Nani ataniaga? Sikuandikwa popote. Nilitumwa juma moja.” Alishika ndevu. “Juma haijaisha.”

Niliingia ndani nikachukua fimbo nyuma ya mlango. Nikapiga rimu, ingawa jua lilikuwa limekwenda, na vijana wakajipanga wakidhani kuna habari. Nikaita majina yote, na la mwisho nikaita lake, lote kamili, ambalo nadhani hakuna aliyeliita mbele ya bendera tangu ashuke na ubao. Alisimama kwa taabu.

“Prezan,” akasema.

Nikamwambia serikali inamshukuru, ile yenyewe iko leo, na kwamba tangu sasa ameruhusiwa kupumzika. Nikampa fimbo. Aliipima mkononi, akaitambua. Kisha akasema nimesahau hotuba ya karani mwingine, na kwamba kasiksi haipo, lakini kwa mtu wa darasa la tano amenipitisha.

Alilala kwetu. Tulikula boga. Sahani yake aliiosha mwenyewe, na samaki akabaki nyuma yake.

Asubuhi nilipopiga rimu nilimkuta ameshasimama kwenye mstari, wa kwanza, na fimbo yake, akitazama mbele.

“Papa, si tulikuaga jana?”

“Ita tu, Mama Kengele,” akasema. “Nimeipenda.”

Nikamwita.